Fundi, mashine ya nani ndiyo bora?

Barua za mwezi huu zimekuja zikielekea upande mmoja. Wasomaji wanataka kujua kilichomo tumboni mwa saa kimetengenezwa na nani, na kama sifa ya huyo mtengenezaji ni ya kweli au ya kusikia tu. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba maswali ya wengi, kwa hiyo hata kama hukuiandika wewe, isome.

Mwalimu wa Kakamega anauliza: Fundi, salamu nyingi. Nastaafu Desemba na walimu wenzangu wamenichangia pesa ya saa ya mkono. Nataka ya kudumu, isiyo ya betri. Nimebaki na tatu: moja ina mashine ya ETA, ya pili Sellita, ya tatu NH35 ya Seiko, na hiyo ya Seiko bei yake ni theluthi ya hizo mbili. Mwanangu aliye Nairobi ananiambia nisikubali kitu kisicho cha Uswisi. Muuzaji wa ile ya Sellita naye anasema ETA ni jina tu. Nikistaafu narudi shambani kwa miwa na ng'ombe wangu wawili. Nimsikilize nani?

Mwalimu, hongera kwa kumaliza kazi salama. Nakuandikia kutoka Kisumu, kwenye meza niliyoikalia tangu 1994. Kabla ya hapo nilikuwa Nakuru nikifundishwa kazi na baba mdogo, ambaye hakuruhusu nishike bisibisi mwaka mzima. Nilikuwa nasafisha tu na kupanga skrubu kwa ukubwa. Nakwambia haya ili ujue kwamba ninayoyasema juu ya mashine hizi nimeyaona kwa lenzi jichoni. Sikuyapata kwenye matangazo.

ETA iko Grenchen, Uswisi, na ni mali ya Swatch Group, kundi lilelile lenye Omega, Longines na Tissot. Mashine yake iliyoenea zaidi ni 2824-2. Ina upana wa milimita 25.6 na unene wa 4.6, vito 25, yaani vijiwe vigumu ambamo ncha za magurudumu huzungukia, na mapigo 28,800 kwa saa, yaani manane kila sekunde. Kwa miaka mingi ETA iliwauzia watengenezaji wengine bila ubaguzi mkubwa. Kampuni isiyo na kiwanda cha mashine iliagiza, ikaiweka ndani ya kasha lake, ikaandika jina lake usoni. Ndiyo maana saa za majina kumi tofauti nikizifungua nakuta tumbo ni lile lile. Sifa ya ETA kwetu mafundi ilizaliwa hapo: ukiijua moja umezijua zote, na spea ya hii inaingia kwenye ile.

Mwaka 2002 Swatch Group ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia wengine mashine ambazo hazijaunganishwa. Tume ya Ushindani ya Uswisi ikaingilia kati, mvutano ukawa mrefu, na mwaka 2013 wakakubaliana kwamba mauzo yapunguzwe hatua kwa hatua hadi mwisho wa 2019. Kisha mwisho wa 2015 kundi hilo likafunga pia mfereji wa spea kwa wauzaji wa jumla ambao sisi mafundi wa pembeni tulitegemea. Hilo la pili ndilo lililonigusa mimi. Gurudumu dogo nililokuwa naagiza na kulipata kwa wiki tatu likaanza kunichukua miezi, na mara nyingine nililipata tu kwa kuvunja saa nyingine.

Pengo hilo Sellita ndiyo iliyolijaza. Ni kampuni ya La Chaux-de-Fonds, ilianzishwa 1950, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuunganisha mashine za ETA zenyewe. Haki za ubunifu wa 2824 zilipokwisha muda, ikatengeneza yake, SW200, yenye vipimo vile vile, mapigo yale yale, na kito kimoja zaidi: 26. Matoleo ya mwanzo yalijulikana kwa udhaifu wa meno kwenye magurudumu ya kujazia kwa mkono. Ikarekebishwa, ikaitwa SW200-1, na hiyo ndiyo unayouziwa leo. Wako mafundi wanaoendelea kuibebesha lawama ya zamani. Mimi siibebeshi. Zinazopita mezani kwangu zinafanya kazi kama 2824-2, na spea zake napata.

Kwa hiyo muuzaji wako hajakosea sana. Lakini yeye na mwanao wote wawili wameacha swali kubwa, nami naomba unisikilize hapa hata kama mengine utayasahau: mashine moja, namba moja, hutoka kiwandani kwa madaraja. ETA inauza 2824-2 kwa daraja la kawaida, kisha lile wanaloliita elaboré, kisha la juu, halafu la kronometa lenye cheti cha COSC, ofisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa. Ya kawaida imepimwa kwa milalo miwili tu na inatarajiwa kukosea wastani wa sekunde 12 kwa siku, mbele au nyuma. Elaboré ni milalo mitatu, wastani wa sekunde 7. La juu ni milalo mitano, wastani wa sekunde 4. Na ukifika la juu haibadiliki marekebisho peke yake: gurudumu la mizani linalopiga mapigo, springi ya unywele inayolirudisha, na springi kuu inayobeba nguvu, vyote vinakuwa vya madini bora zaidi. Sellita nayo ina ngazi zake zinazofuata mpango huo huo.

Nikuonyeshe maana yake. Miaka mitatu iliyopita saa mbili zenye 2824-2 zililala mezani kwangu usiku mmoja. Moja ilikuwa ya nesi wa hapa mjini, daraja la kawaida. Nyingine ilikuwa ya mzee aliyefanya kazi ya injini kwenye meli za ziwa, daraja la juu. Zote nilikuwa nimezisafisha wiki hiyo, mafuta mapya, springi kuu zimejaa. Nikaiweka ya nesi kwenye mashine ya kupima mapigo ikiwa chali: inakwenda mbele sekunde 4. Nikailaza kifudifudi: mbele 6. Nikaisimamisha kwa ubavu, kifundo cha kujazia kikiangalia chini: nyuma 11. Mtu anayeivua usiku na kuiegemeza ubavuni mwa redio ataamka akiamini saa yake ni mgonjwa, na mwenzake anayeilaza chali ataisifu. Nikaipandisha ya mzee. Chali, kifudifudi, ubavu wa kulia, wa kushoto, kifundo juu: tofauti kati ya mlalo bora na mbaya haikuzidi sekunde 5. Nilikaa nikiisikiliza mpaka mlinzi wa jengo akaja kuniuliza kama nimelala. Namba iliyogongwa chini ya gurudumu la mizani ni ile ile kwa zote mbili. Sasa mtu akikwambia "hii ni ETA" bila daraja, amekupa nusu ya habari.

Na NH35? Hiyo inatengenezwa na Seiko ya Japani kwa ajili ya kuuzia wengine. Ni ndugu wa damu wa ile 4R35 iliyo ndani ya saa za Seiko zenyewe. Vito 24, mapigo 21,600, yaani sita kwa sekunde, na ikijaa inakwenda takriban saa 41 bila kuvaliwa. Kiwango chake rasmi ni kati ya sekunde 20 nyuma na 40 mbele kwa siku. Ukisoma hivyo utaogopa. Lakini siku ina sekunde 86,400, na kiwango hicho ni ahadi ya chini kabisa. Ninazozirekebisha mimi hutoka mezani zikiwa ndani ya sekunde 10 kwa mtu anayeivaa kila siku. Inajijaza mkono ukienda huku na ukirudi kule, kwa kutumia mkono mdogo wenye kucha mbili ambao Seiko walioubuni 1959 waliuita Magic Lever. Vipande ni vichache, na vina nguvu. Mapambo haina. Ukingo wa sahani zake haukupigwa msasa, na ukiangalia kwa lenzi unaona alama za mashine iliyoikata.

Roho yangu, mwalimu, iko kwa 2824-2 ya daraja la juu, sitakuficha. Lakini wewe umeniambia unarudi kwa miwa na ng'ombe. Panga na jembe vinapiga mkono kwa namna ambayo chaki haikuwahi kupiga. Mashine yoyote nzuri ina springi ndogo za kukinga mshtuko kwenye ncha za gurudumu la mizani, na bado kuna siku ncha itavunjika. Siku hiyo, NH35 nzima mpya, iliyofungwa kwenye kikopo chake cha plastiki, naiagiza kwa bei ambayo haifiki nusu ya SW200-1, naifunga jioni moja na unarudi Kakamega na matatu ya mwisho. Chukua ya Seiko. Pesa inayobaki usiimalize. Weka ya kusafishia saa baada ya miaka mitano, kwa maana mafuta hukauka hata kwenye saa isiyoguswa, na chuma kikavu kinasaga chuma.

Ikiwa moyo wako umekwisha kushikwa na Uswisi, basi chukua ya Sellita na umuulize muuzaji daraja, akuandikie kwenye risiti. Ya ETA ningeiacha, kwa sababu ya spea tu. Mwanao mpelekee salamu zangu. Amekutakia mema.

Dereva wa matatu, Kondele: Fundi, saa yangu ina mashine ya NH36 ya Seiko, nilinunua dukani ikiwa mpya. Miezi minne ilikwenda vizuri kabisa. Sasa inakimbia, kwa siku dakika sita mbele. Wenzangu steji wanacheka, wanasema mashine za Japani ni za kutupa, nitafute ya Uswisi. Kweli?

Ndugu yangu, usitupe kitu. Mashine iliyokuwa sawa miezi minne kisha ikaanza ghafla kukimbia dakika, narudia dakika, mara nyingi imeshikwa na sumaku. Angalia gari lako: spika kubwa nyuma ya kiti, na simu bila shaka umeibandika kwenye dashibodi kwa kishikio cha sumaku. Mkono wako wa kushoto unapita hapo mara mia kwa siku.

Kinachotokea ni hiki. Springi ya unywele imejizungusha kama mkunjo wa jamvi, mzunguko juu ya mzunguko, na kati yao kuna nafasi ya hewa. Ikiingiwa na sumaku mizunguko inagandana miwili mitatu, springi inakuwa kama imefupishwa, na gurudumu la mizani linapiga haraka. Chukua dira ya shule, ile yenye sindano, uisogeze saa karibu. Sindano ikicheza, umepata jibu. Kuitoa sumaku ni kazi ya sekunde chache kwa kifaa nilicho nacho, na natoza shilingi 200.

Saa ya Uswisi yenye 2824-2 ya kawaida ingekimbia vile vile kwenye dashibodi hiyo. Hapa sifa ya nchi haikusaidii. Kinachosaidia ni madini ya springi. Swatch Group ilitoa mwaka 2018 springi inayoitwa Nivachron, yenye titani ndani yake, ambayo sumaku haiipati kwa urahisi, na sasa imo kwenye Tissot nyingi zenye mashine ya Powermatic 80. Ukija kununua nyingine siku zijazo, hilo ni jambo la kuuliza. Kwa sasa badilisha kishikio cha simu.

Kijana wa Nakuru: Fundi, nimechora nyuso za saa zenye flamingo na kreta ya Menengai na nataka kuunganisha saa 20 niziuze. Muuzaji wa nje ananipa mashine anazosema ni nakala za 2824, "sawa kabisa na ETA", kwa bei ya chini kuliko Miyota 9015. Niagize zipi?

Kijana wangu, kazi yako imenifurahisha, nami nimekulia karibu na hiyo kreta. Ndiyo maana nitakueleza jambo ambalo liliniumiza.

Mwaka mmoja nilipata kazi ya kubadilisha mashine za saa kadhaa kwa mkupuo. Muuzaji mmoja akaniletea sita, bei nzuri, alama ya ETA imegongwa mahali pake chini ya gurudumu la mizani. Nilikuwa na haraka. Nikafunga nne bila kuzifungua, jambo ambalo baba mdogo asingelifanya hata akiwa na homa. Ya kwanza ikarudi baada ya wiki tano, ya pili wiki ya saba. Hapo ndipo nikaketi na lenzi. Herufi za alama zilikuwa na kina tofauti, kana kwamba zimechapwa kwa mkono mmoja mzito na mmoja mwepesi. Vichwa vya skrubu vilikuwa na vinyweleo vya chuma ndani ya mfereji. Na mafuta: kwenye kito cha gurudumu la mizani panatakiwa tone moja lililokaa katikati kama umande kwenye jani, lakini hapa yalikuwa yametapakaa hadi ukingoni, na kito cha upande wa pili kilikuwa kikavu. Niliwarudishia wateja wote wanne pesa zao, hata wale wawili ambao saa zao zilikuwa bado zinakwenda. Yule muuzaji hakushika simu tena.

Sikuambii haya ili uwakimbie Wachina. Kiwanda cha Tianjin cha Seagull kinatengeneza mashine chini ya jina lake, na baadhi nazipenda. ST36 yake inafuata Unitas 6497 ya Uswisi, mashine kubwa ya kujaza kwa mkono iliyobuniwa kwa saa za mfukoni, na kijana anayejifunza huu ufundi sina ya kumpendekezea zaidi ya hiyo: kila kipande unakiona kwa jicho. ST19 ni ya kupimia muda wa mbio, na inatokana na Venus 175, ambayo Wachina walinunua mitambo yake Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hizo zina baba na mama wanaojulikana. Anayekuuzia "nakala sawa kabisa" bila kukutajia kiwanda anakuuzia mtoto wa kuokotwa, na siku ikiharibika utamtafuta nani?

Kwa saa 20 zako, chagua kati ya Miyota na NH35. Miyota ni ya Citizen, kampuni ya Japani, na ina familia mbili usizichanganye. 8215 ni ya zamani, ipo tangu miaka ya 1970: vito 21, mapigo 21,600. Ni ngumu kufa. Mshale wake wa sekunde unasukumwa kutoka pembeni badala ya katikati, kwa hiyo wakati mwingine unasita, kisha unaruka. Si ugonjwa, lakini mteja aliyelipa pesa nyingi akiona mshale unasita-sita juu ya flamingo wako atarudisha. 9015 ilikuja 2009: vito 24, mapigo 28,800, mshale unateleza laini, na unene ni milimita 3.9 tu, nyembamba kuliko 2824 yenyewe. Miyota hujijaza upande mmoja. Upande wa pili rota, kile kipande kizito kinachozunguka mkono ukicheza, inazunguka bure, na kwenye kasha jembamba mtu anaisikia ikivuma. Waambie wateja mapema.

NH35 ni nene, 5.3 hivi, na kasha lako litakuwa na tumbo. Lakini ni nafuu na kila mtu anaitengenezea mishale na nyuso. Angalia hapo hapo kwenye mishale: tundu la mshale wa sekunde wa NH35 ni milimita 0.20, la 2824 ni 0.25. Mshale wa 2824 ukiuweka kwenye NH35 utakaa legelege na siku ya tatu utadondoka ndani ya kioo. Nimewaona vijana wawili wakipoteza seti nzima kwa tofauti hiyo ya unywele. Agiza mashine kwanza, pima, ndipo uagize mishale, na miguu ya uso, vile vijiti vya nyuma vinavyoushika kwenye mashine, ichomelewe kufuata mashine uliyo nayo mkononi.

Kama ningekuwa wewe ningeagiza NH35 kumi na nane na 9015 mbili. Zile mbili zifunge kwenye kasha jembamba, uzivae mwenyewe miezi mitatu, ndipo uamue za awamu ya pili. Za Uswisi ziache mpaka jina lako lijulikane. Na siku hiyo ikifika, uliza pia La Joux-Perret, ambao mashine yao G100 inaingia mahali pa 2824 na inakaa saa 68 ikijaa. Citizen waliinunua kampuni hiyo 2012, kwa hiyo nyuma ya hiyo ya Uswisi na nyuma ya Miyota yako amesimama tajiri yule yule.

Na kila mashine ikifika, fungua kikopo, iweke kwenye kipimo kabla ya kuifunga. Zote ishirini. Usinifuate kwenye lile kosa langu.

Mama wa Busia: Fundi, marehemu baba alituachia saa ya Roamer. Ilisimama tangu mazishi. Fundi wa hapa aliifungua akaona MST na namba 414, akasema hiyo mashine hajawahi kuisikia, ni feki, tuweke mashine ya betri ndani. Mama yetu analia akisikia hivyo. Tufanye nini?

Pole sana kwa msiba, mama. Mwambie mama yenu akaushe machozi: saa si feki. MST ni Meyer na Stüdeli, waanzilishi wa Roamer yenyewe, kule Solothurn, Uswisi. Wakati kampuni nyingi zilinunua mashine kwa wengine, wao walijitengenezea zao, na alama ya MST ndani ya Roamer ndiyo inayotakiwa kuwapo. Fundi wenu hajaisikia kwa sababu kiwanda kiliacha kuzitengeneza miaka ya 1970.

Asiweke betri. Akishaiondoa mashine hiyo, ile sauti baba yenu aliyokuwa akiilala nayo sikioni haitarudi.

Msijaribu kuijaza. Mafuta yake yamekuwa gundi, na mkilazimisha springi kuu, jino litakatika. Ifungeni kwa kitambaa cha pamba, iwekeni kwenye kikopo kigumu, mumpe mtu anayekuja Kisumu kwa mkono wake, isiwe kwenye buti la gari. Spea mpya za 414 hakuna, kwa hiyo huwa nazitafuta ndani ya saa kuukuu, Jumapili, kwenye mitumba ya Kibuye. Wiki mbili zilizopita nilipata Roamer isiyo na kioo wala mshale hata mmoja, kasha limeliwa na kutu. Nilipoifungua nilikuta 414, na nilipoligusa gurudumu la mizani kwa ncha ya brashi likacheza, likaendelea kucheza. Nimeiweka kando na karatasi juu yake imeandikwa "Busia".